Vidonge Viwili vya Ziada

Nilirudi Geita kutoka Johannesburg na diploma ya uchimbaji madini niliyojisomesha mwenyewe, nikajenga nyumba mtaa wa Kalangalala bila msaada wa mtu. Kwa hiyo baba alipopata damu iliyoganda mguuni, akaandikiwa vidonge vya kuizuia isigande, nilimhamishia kwangu na dawa nikazisimamia mimi. Daktari alionya kwamba hata pigo dogo lingeweza kumvujisha damu ndani kwa ndani. Nikamkataza baba kukamata ng'ombe wake.

Siku moja alikwenda kijijini Kharumwa, kwenye zizi lake, kuwasalimia ng'ombe tu, akarudi anachechemea.

"Safari imenichosha," alisema.

Paja lilikuwa limevimba, gumu. Nilijua mara moja: damu imeganda tena. Nikamwongezea kidonge kimoja, na kesho yake kingine.

"Baba watoto, si umpigie daktari?" mke wangu aliuliza.

"Unafikiri mimi nilisomea nini?"

"Mawe."

Asubuhi ya tatu baba aliita kutoka chooni. Mkojo wake ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela. Paja lilikuwa limekuwa jeusi hadi gotini, na midomo imempauka.

"Baba, nini kilikupata?"

Aliinamisha macho. "Lile dume lilinipiga teke. Ningekwambiaje, na ulinikataza? Halafu mfugaji mzima kama mimi, nipigwe teke!"

Haikuwa damu iliyoganda. Ilikuwa inavuja, na mimi ndiye niliyeifungulia njia.

Garini, tukikimbilia hospitali, alianza kusinzia. Niliogopa akilala hataamka, nikamwomba anitajie ng'ombe wake.

"Yule mweusi wa baka usoni," alianza. "Yule mwekundu aliyekatika pembe. Yule wa kijivu..."

Kichwa kikamwangukia kifuani.

"Baba! Anayefuata?"

Niliendesha huku nimeshika kifundo cha mkono wake, nikitafuta mapigo.

Hospitali daktari aliuliza, "Amemeza vingapi?"

"Vyake vya kila siku. Na viwili nilivyoongeza mimi."

Hakunikaripia, na hilo lilinitisha zaidi. Walimchoma sindano ya kusaidia damu igande, wakamtundikia chupa ya damu, kisha ya pili. Nilikaa nikihesabu matone.

Mchana baba alifumbua macho. "Tulifikia ng'ombe gani?"

"Wa kijivu," nilisema, nikamshika tena kifundo cha mkono.

Diploma yangu bado iko ukutani, na ninajivunia. Kopo la dawa analishika mke wangu.