Salamu Ndefu za Mzee Sadiki

Nakumbuka asubuhi moja nilipomkasirikia babu yangu kwa sababu ya salamu. Ndiyo, mwanangu, salamu tu. Usicheke. Kaa vizuri kwanza, maana salamu zile zingekuwa fupi, leo mimi nisingekuwa na mtoto, wala wewe usingekuwa na bibi wa kukugombeza.

Babu yangu, Mzee Sadiki, ndiye aliyenilea. Wazazi wangu walifariki ningali mdogo sana, akanichukua kwake Kidahwe, akanipikia uji kwa mkono wake. Nilipougua surua alinibeba mgongoni kwa khanga mpaka mjini, mwanamume mzima, watu wakimcheka njiani. Hakujali. Ujanani mwake Mwingereza alimchukua kwenda kupigana Burma, akarudi na koti moja na kikohozi. Vita hivyo hakuvisimulia. Sisi tulimjua kwa michikichi yake na mawese yake, na kwa upole uliopita kiasi, hata vijana wa Kidahwe wakamwona mwoga. Usimwone simba kanyeshewa ukamdhania paka, lakini wakati ule nani alijua?

Basi nikaolewa na babu yako Idi, mvuvi wa dagaa, nikahamia Kibirizi, kandoni mwa ziwa. Miaka ile vita vilikuwa vinawaka ng'ambo ya ziwa, na watu walikuwa wakivuka kuja kwetu na watoto wao na magodoro yao. Wengine, wakikaribia nchi kavu, walitupa majini vitu wasivyotaka kukutwa navyo. Sisi hilo hatukuliwaza. Siku moja wavu wa Idi ukaibuka na chuma kizito, ukubwa wa chungwa dogo, kimeota kutu, na juu yake kina kipete. Nao wavu wetu ulikuwa umepungukiwa vyuma vya kuuzamisha. Mvuvi gani angetupa chuma kilichokuja na kipete chake cha kufungia kamba? Mimi mwenyewe nilisema hii ni riziki.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naanika dagaa mchangani. Idi alikuwa amekaa juu ya wavu, chuma kati ya magoti, koleo mkononi. Kamba yake ilikuwa nene, kwa hiyo alikuwa anakivuta kile kipete apate kukipanua. Mama yako, asiyejua hata kutambaa, alikuwa amelala juu ya wavu uleule, karibu na mguu wa baba yake. Mara Babu akatokea na dumu la mawese alilotuletea. Nikamwona anatazama magoti ya Idi. Akasimama. Akaliweka dumu chini polepole, kisha akaanza kupiga makofi.

Wewe umezaliwa mjini, mwanangu, hujui salamu za kwetu Waha. Mkubwa akikusalimu kwa utaratibu wa zamani, unaacha ulichoshika, unainama, unapiga makofi mepesi kwa mikono yote miwili, na unamjibu kila anachouliza mpaka atosheke. Kwa mkwe ndiyo zaidi. Mkwe anayejibu huku ameshika kitu amemtukana mzee. Sisi wa mjini tulikuwa tumeshayaacha hayo. Shikamoo, marahaba, kila mtu na kazi yake.

"Amahoro, mkwe wangu," Babu akasema kwa sauti ya chini.

"Amahoro, Babu. Shikamoo." Koleo lilikuwa bado limeuma kipete.

"Nakusalimu kwa mikono, mkwe wangu. Weka koleo, tusalimiane."

Idi akaduwaa kidogo, kisha akalilegeza koleo na kuliweka mchangani. Akapiga makofi. Babu akauliza habari za nyumba, akasogea. Akauliza habari za mke, na mimi nipo palepale, akasogea tena. Akauliza za mtoto, za ziwa, za mtumbwi, za majirani wote. Jua lilikuwa halijakolea, lakini jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Wake za wavuvi wakaanza kukonyezana. Nikaona aibu, nikajisemea mzee huyu akili zimeanza kumruka.

"Babu, jua linatupita! Dagaa hawajatandazwa!"

"Dagaa watangoja, mama. Sijamaliza kumsalimu mkwe wangu."

Akafika. Akapiga magoti mbele ya Idi, jambo ambalo mzee hamfanyii mkwe wake, akanyoosha mkono na kukikumbatia kile chuma kwa vidole vyote.

"Sasa, Idi, usiinuke kwa haraka. Rudi nyuma polepole. Na wewe Tatu, mjukuu wangu, mchukue mtoto. Hili ni bomu la mkono."

Idi akafungua mdomo.

"Nyamaza, baba. Umeshaliacha. Sasa ni langu."

"Na wewe, Babu?" nikauliza.

"Mimi nimeshakaa, nikiliachia linaweza kulipuka. Waondoeni watu, wala msilitaje bomu mpaka wafike barabarani. Kisha waiteni askari."

Tukawaondoa. Mtoto nikampa jirani, na Idi akakimbilia askari. Mimi nikarudi nikajibanza nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, kwa sababu yule ndiye mama yangu na baba yangu, ningemwacha na nani? Akaniona. Akatikisa kichwa, nami sikuondoka. Jua likapanda likampiga utosini, naye palepale, amepiga magoti. Mkono ulipochoka, akaushika kwa mkono wa pili. Niliogopa, mwanangu, vile ambavyo sijaogopa tena maishani. Nilitaka kumwita. Nilijua nikimwita atageuka, nikauma ncha ya khanga.

Askari walifika alasiri. Mmoja, kijana mdogo tu, alimpigia saluti kwanza, ndipo akachuchumaa na kumbandua vidole kimoja baada ya kingine, maana vilikuwa vimekakamaa na havikunjuki. Akamwambia Idi kwamba pini inayolizuia bomu lisilipuke, ile yenye kipete, ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki kama uzi. Kuivuta mara moja tu zaidi kungetosha. Wakaenda kulilipua mbali, kwenye mawe. Mshindo ulipotufikia, Idi alikaa chini akalia mbele za watu.

Jioni nilimfokea Babu. Hofu ikitoka hutoka kwa hasira. Nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele tangu mbali, akatuacha tunachekacheka na kifo.

Akasema, "Kule Burma nilikuwa na rafiki, mtu wa Kasulu. Nilimwona anakaribia waya wa mtego. Nilimpenda, nikapiga ukelele. Akashtuka, akarukia palepale penye waya. Nilimwita kwa mapenzi, Tatu. Mapenzi hayakumsaidia."

Akaomba maji ya kunywa. Habari nyingine ya vita hakunipa mpaka anakufa. Aliishi mpaka mama yako akaanza sekondari, na miaka yote ya shule ya msingi yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza, vidole vya mkono ule havikunyooka tena, mtoto akivishika hivyohivyo. Tulimzika Kidahwe kwenye michikichi yake.

Sasa nakuja kwako. Jana umenisimulia, tena kwa kicheko, kwamba pale Gungu ulimwona kijana wa Kirundi anakimbia, ukapiga ukelele wa "mwizi!", na watu wakamrukia. Kumbe alikuwa anaiwahi bodaboda. Yuko hospitali, mkono umevunjika, na ni bahati yake kuwa hai. Unasema hukumgusa. Kweli, hukumgusa. Babu naye hakumgusa rafiki yake.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukiona hatari, mwanangu, au ukidhani umeiona, sogea kwanza. Msalimu mtu, muulize anatoka wapi na anakwenda wapi, mwite kwa heshima, hata kama moyo unakudunda. Ukelele ukishatoka hauna mwenyewe, na watu wataubeba usikokujua. Kesho tutakwenda wote hospitali. Utamwomba radhi wewe, si mimi, na ukikuta mama yake yupo utaanza na mama yake.

Mwenyezi Mungu akutangulie. Akupe macho ya kuona mapema na moyo wa kutulia. Akupe uzee mrefu kama wa Mzee Sadiki, ila akuepushe na neno moja la kubeba uzee huo wote.