Uso Niliompa Mama

Mama alikuwa na picha moja tu, na mimi ndiye niliyeiharibu. Siku tunamzika niliibeba mbele ya jeneza, nikaiegemeza msalabani, nikaisahau. Mvua ya Iringa haina simile. Niliporudi siku ya tatu, kwenye fremu kulibaki kitenge na shingo. Uso umekwenda na maji. Mdogo wangu wa kiume alikuwa bado mchanga. Amekua akiniuliza, "Dada, mama alikuwaje?" Mimi ni muongeaji, soko zima linajua, lakini hapo maneno yalikuwa yananiishia.

Ukuta wa soko ulipoanza kuchorwa watu wa mji wetu, fundi cherehani, mama ntilie, vijana wa bodaboda, nilimfuata mchoraji. Nikamwambia kuna mtu amemsahau, aliuza njegere palepale ninapouza mimi leo. Akaomba picha. Nikasema sina.

"Mnafanana?" akauliza.

Nafasi ilibaki moja, na muuza ndizi jirani yangu alikuwa ameshaanza kujipaka poda. Nikajibu, "Sana." Basi nikakalishwa juu ya ndoo kutwa nzima, shingo imekakamaa, nachorwa badala ya marehemu.

Uongo mtupu. Kwa mama sikuchukua hata ukucha. Mimi ni baba mtupu, kuanzia paji la uso hadi kidevu. Baba huyohuyo aliyemwacha mama na mimba ya mdogo wangu, akahamia Mbeya kwa mwanamke mwingine, na msibani hakutia mguu. Mdogo wangu ameapa kwamba hata wakikutana njiani hatampa mkono.

Wiki ile mchoro ulipokamilika, bibi mmoja muuza nyungo alisimama mbele yake. Akausalimia kwa Kihehe, "Kamwene," kisha akamtaja baba kwa jina, akasonya, akaenda zake. Tangu hapo upande ule siupiti. Nazunguka kwa wauza mitumba, na bado nahisi natazamwa mgongoni. Nimemrudisha mjini mtu ambaye mama alikufa akimlilia, tena nimemkalisha kwenye njegere zake. Naogopa, sifichi.

Juzi mdogo wangu akaja kutoka Chunya anakochimba dhahabu. Alikuwa amesikia habari za mchoro. Chai hakuigusa, alinivuta mkono hadi ukutani. Nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli njiani, nikashindwa.

Akavua kofia. "Shikamoo, mama." Akapitisha vidole vyake vilivyopasuka juu ya lile paji, juu ya ile pua, polepole, mwanamume mzima analia mbele ya wateja wa soko.

"Sasa namjua," alisema. "Mtazame, dada. Mtu mwenye macho haya asingeweza kutuacha kwa kupenda."

Nikamwambia, "Asingeweza."