Ini lina mafuta, pombe sijaionja, na damu yasema niko "katikati"

Wakuu, salaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Haya yamenipata mwenyewe. Sina la kuongeza, na wallahi mengine mpaka leo sijayaelewa.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Magogoni, miaka arobaini na sita. Si mnene, ila kitambi kidogo kipo. Mwezi wa Shaabani nilianza kuchoka ovyo, nikisomesha kidogo tu nataka kulala. Mke wangu Zuhura akanipeleka kliniki.

Wakatoa damu. Majibu ya ini yakawa juu kidogo. Yule aliyetuhudumia akaniuliza, Zuhura kaketi hapo hapo:

"Ustadhi, pombe unatumia?"

Nikasema la.

"Hata kidogo? Hata zamani?"

Aliniuliza mara tatu, wakuu. Kurudi nyumbani Zuhura akatangulia mbele, hakuningoja.

Nikapigwa ultrasound, ikaonyesha ini lina mafuta. Wiki chache baadaye nikarudia damu, safari hii majibu sawa kabisa. Sasa nishike lipi? Picha yasema mafuta, damu yasema mzima.

Na nyumbani mambo yameharibika. Siku moja natoka kutawadha, namkuta Zuhura anainusa chupa yangu ya maji ya madrasani.

"Wanusa nini?"

"Naangalia kama imeoshwa."

Miaka kumi na tisa ya ndoa. Niliumia kuliko ugonjwa wenyewe.

Nikamwambia twende sote kwa daktari mwingine, wa hospitali kubwa, aulize mwenyewe. Daktari mama mmoja mpole. Akachukua umri wangu, vipimo viwili vya ini vilivyomo kwenye majibu ya damu, na hesabu ya platelets, zile chembe za kugandisha damu, akaingiza kwenye simu. Akatuambia:

"Uko katikati."

"Katikati ya nini, daktari?"

"Score hii, yaani alama ya hesabu niliyopiga, haipimi mafuta. Inakisia kama ini limeanza kuwa na makovu. Ikiwa chini, twatulia. Ikiwa juu, twahangaika. Yako haiko chini wala juu."

Nikauliza kwani hakuna kipimo kitakachosema ndiyo au siyo. Akasema kuna kudunga sindano na kukata kinyama cha ini, lakini hawaanzi na hiyo wakati damu yaweza kuwaongoza. Na vimeng'enya vya ini, vile vinavyopimwa kwenye damu, vyaweza kuwa sawa na mafuta yakawepo.

(Hapo mimi nishapotea, naitikia tu.)

Zuhura akaingilia: "Daktari, samahani. Mafuta haya yaweza kuingia bila ya pombe?"

"Mama, naona wengi ambao hawajawahi hata kuionja. Sukari, soda, vyakula vya ngano na mafuta, kukaa kitako. Na kitambi hicho."

Zuhura akainama. Nilidhani ataniomba radhi. Akasema, "Basi ni mimi nilomlisha." Akaanza kulia.

Nikawa sijui nifurahi nimesafishwa au nimbembeleze aliyenishuku. Nikambembeleza. Nikamwambia mkono uliotia chai vijiko vinne vya sukari ni wangu.

Tukaelekezwa kwa mashine inayopima ugumu wa ini. Alhamdulillahi, halijakakamaa. Nimeacha soda, chai naiminya sukari, jioni natembea, na Zuhura pamoja nami. Uchovu umepungua. Juzi nimerudia ile hesabu ya damu: bado katikati! Daktari asema si ajabu, tufuatilie tu.

Nililojifunza: karatasi moja ya damu isikutie hofu wala isikupe raha, uliza inapima nini hasa. Na ukienda kupimwa na mwenzio, msikie majibu pamoja mpaka mwisho, msiondoke na swali moja tu.

Zuhura hajawahi kuniomba radhi kwa maneno. Nami sijamdai.

Wenye kuelewa hizi score, nifahamisheni polepole. Na kama kuna mwengine hapa aliyewahi kuambiwa yuko katikati, aliishije na jibu hilo?