Kurasa za Masika

Nikiulizwa nani aliyenifanya niwe mwalimu wa sayansi, huwa nasema ni shangazi yangu, kwa kuwa ndiye aliyenilisha na kunisomesha. Ni uongo, na shangazi mwenyewe anajua ni uongo. Aliyenifanya ni mwalimu mmoja wa sekondari pale Kibiti ambaye sijamwamkia tangu nilipomaliza kidato cha nne. Nikikutana naye stendi leo nitajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Naandika haya nikiwa na hasira, wala sifichi. Lakini nikimsimulia bila kusema jinsi alivyokuwa hodari nitakuwa nimemfanyia kilekile alichonifanyia yeye, kwa hiyo naanza na uhodari wake.

Siku ya kwanza aliingia darasani bila chaki wala kitabu. Alibeba majiko mawili ya mkaa, na nyuma yake wasichana wawili wa kidato cha tatu walishika sufuria. Moja ilikuwa na maji ya kisima cha shule, nyingine maji aliyoagiza kutoka kwetu deltani, mto unapoingia baharini. Akazibandika, akatuambia tukisie nini kitabaki maji yakikauka. Makisio yetu yote aliyaandika ubaoni, ya maana na ya kipuuzi, na la kwake akaliweka juu kabisa: maji ya kisimani hayataacha kitu. Yaliacha ukoko mweupe chini ya sufuria. Darasa zima likacheka, naye akacheka, na kosa lake likakaa ubaoni wiki nzima. Mwalimu wa historia aliambiwa atumie upande uliobaki.

Tulizoea walimu wanaojua kila kitu. Huyu ukimpa jibu sahihi hakusema "vizuri", alisema "kwa nini?" Ukimpa la makosa alisema hivyohivyo, kwa sauti ileile, hata usijue umepatia au umekosa mpaka ufikiri mwenyewe. Akishauliza swali alikaa juu ya meza na kungoja. Darasa kimya, jasho linatutoka, yeye anangoja tu kana kwamba kengele ya shule ni mali yake. Na alianza na waliokaa nyuma, wale ambao walimu wengine walishawakatia tamaa. Mimi nilikaa nyuma. Nilikuwa mtoto wa visiwani, na wenzangu wa Kibiti waliigiza lafudhi yangu kila mapumziko mpaka nikazoea kutosema. Yeye ndiye aliyenifungua mdomo, kwa sababu nilipojibu hakusikiliza ninavyosema, alisikiliza ninachosema.

Vifutio alivikusanya mlangoni kwenye kopo. Aliandika kwa wino na sisi tuliandika kwa wino. Ukikosea unapiga mstari mmoja, ili ionekane ulikosea wapi. Dhambi kubwa kwake ilikuwa kuchana ukurasa. Mwenzetu mmoja alichana ukurasa wa jaribio lililomshinda, na mwalimu akatupeleka darasa zima kwenye shimo la taka kuutafuta. Tuliupata chini ya maganda ya muhogo. Akaubandika kwa uji mbele yetu, taratibu, kama anayefunga kidonda. "Ukinionyesha siku ulizopatia peke yake," alisema, "hujanionyesha kitu." Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikamwamini moja kwa moja.

Sasa nimlete bibi yangu, mzaa mama. Alilima mpunga kisiwani, kwenye shamba ambalo maji ya mto hulifikia kwa kijito kinachopita kati ya mikoko. Kule hupandi bila kuonja maji. Mwanamke anaingia kijitoni, anateka kwa kiganja, anaonja, anatema, kisha anasema. Na lipo sharti moja ambalo sijaona likivunjwa: ukiulizwa habari ya maji unayasema kama yalivyo, hata kama anayekuuliza hamsemezani, hata kama ni mke mwenzio. Ukimdanganya atamwaga mbegu kwenye chumvi na wanawe watalala njaa. Watu wa kwetu tunadanganya mambo mengi, mimi ni wa huko na najua. Maji hatudanganyi.

Nilipomsimulia mwalimu, aliruka kutoka mezani. "Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona, mwalimu."

"Basi bibi yako aonje, sisi tupime. Tujue nani mkweli zaidi, ulimi au mizani."

Kidato cha tatu chote tulifanya kazi hiyo. Bibi hakujua kuandika, kwa hiyo chupa zilikuja kwa boti na kisha kwa lori hadi Kibiti, kila moja ina uzi shingoni: mweupe kama maji yalikuwa yanajaa, mweusi kama yalikuwa yanapwa. Neno la ulimi wake lililetwa na mama mmoja muuza dagaa, aliyelikariri njia nzima. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: matamu, makali, chumvi. Mimi nilichemsha kikombe kimoja mpaka kikauke, nikakwangua kilichobaki, nikakipima, nikaandika. Likizo nilikwenda kuonja na kupima mwenyewe. Ulimi na mizani viligombana mara mbili tu mwaka mzima, na mara moja kati ya hizo tuligundua mizani ina kutu. Siku hiyo mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Alitangaza kwenye mstari wa asubuhi kwamba shule ina kifaa kipya cha kupimia chumvi, kiko kisiwani na kinavaa kanga.

Daftari langu lilionyesha kile ambacho kila mwanamke wa kule anakijua tangu utotoni. Kiangazi, mto ukipungua, bahari hupanda mpaka shambani na maji ni chumvi tupu. Masika, mto hushuka kwa nguvu, huisukuma bahari nje, huosha udongo, na mpunga hunywa maji matamu. Kurasa za kiangazi zilikuwa sita. Za masika na miezi inayoyafuata zilikuwa nane.

Likizo moja ya kiangazi mwalimu alikuja kisiwani kuona. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kijitoni nyuma ya bibi akaonja na kutema kama alivyoelekezwa. Bibi akampikia wali wa shamba hilohilo, na kamba wa nazi. Alikula, akaongezewa, akala tena.

"Mke mwenzangu," bibi aliniambia jikoni, "mwalimu wako huyu msomi, ila tumbo lake la mkulima."

Tulicheka sana. Nakumbuka nilivyoona fahari siku ile, kwamba watu wangu wawili wamekutana na wamependana.

Mwaka uliofuata wakaja watu wa mradi wa kurudisha mikoko. Sina ugomvi na mikoko. Nyumba ya bibi imesimama kwa boriti za mikoko. Walitaka kujua mashamba yapi bado ni mashamba, na yapi chumvi imeshayala, ili hayo yaliyoliwa yawekewe mipaka na kupandwa miche, yasilimwe tena. Walipita shuleni kuuliza nani ana habari za maji ya kule, na mwalimu akawaambia anaye mwanafunzi mwenye daftari, akaliazima kwangu. Mimi nikaambiwa kutakuwa na mkutano kisiwani, nami nitakuwepo. Nilipiga pasi sare yangu kama bibi harusi.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, mwezi wa tisa, kiangazi kimekolea. Wazee walikaa mbele, wanawake nyuma, mwalimu meza kuu pembeni ya bwana mkubwa wa mradi. Yule bwana alikuwa mpole, alisalimia vizuri, akatoa karatasi za nakala. Nikatambua mwandiko wangu. Akasoma: mwezi wa nane, chumvi. Mwezi wa tisa, chumvi. Mwezi wa kumi, chumvi. Alisoma zote sita, na vipimo vyake, na maneno ya bibi. Mimi nimekaa nangoja masika. Nikasema moyoni, sasa anageuza. Akazikunja, akaziweka mfukoni.

Kisha akaomba maji ya kijitoni kwenye kikombe, na kwa kuwa karatasi zilimtaja bibi, akampa bibi.

"Bibi, hebu onja utuambie."

Bibi alionja, akatoka nje kutema, akarudi. Kila mtu mle ndani alijua shamba la bibi linakunywa maji hayohayo. "Chumvi, mwanangu," alisema. "Ila haya maji ya kiangazi, ukija—"

"Ahsante, bibi. Nimeuliza haya ya kwenye kikombe." Akaandika. Halafu akanigeukia mimi. "Binti, karatasi hizi ni mwandiko wako?"

Nilimtazama mwalimu. Mtu yule aliyeweza kungoja jibu mpaka kengele ilie, siku ile hakungoja. "Ni wake," alisema haraka, akinitazama kwa macho ya kuomba. "Mwanafunzi wangu bora."

"Ndiyo, ni wangu," nikasema. Nikakaa.

Nguzo za zege ziliwekwa kabla ya mwezi kwisha. Shamba la bibi likabaki ndani ya mipaka, na mashamba ya majirani zake wawili. Dungu alilokaa kila mwaka kulinda mpunga dhidi ya ndege na ngiri lilivunjwa, na miche ya mikoko ikapandwa kwa mistari iliyonyooka.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda shuleni mapema. Nilimkuta mwalimu kwenye chumba kilichokuwa stoo, anafungua maboksi. Hadubini nne, zimefunikwa nailoni. Chupa, mirija, mizani mpya isiyo na kutu. Watu wa mradi walikuwa wameahidi maabara kwa shule itakayowasaidia, na walitimiza. Sikumwamkia.

"Kurasa za masika ziko wapi?"

"Ziko kabatini. Hakuna aliyezichana."

"Kwa nini hukuwapa?"

"Waliuliza chumvi imefika wapi. Nimewapa chumvi ilipofika." Akanyanyua hadubini moja kwa mikono miwili. "Miaka mitatu unachora seli ya kitunguu. Umeiona au umeambiwa?"

Alijijibu mwenyewe.

"Umeambiwa. Wote mmeambiwa, na aliyewaambia ni mimi, kwa aibu. Sasa niambie, nilichowapa wale watu ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mwalimu."

"Basi."

Hilo ndilo neno ambalo sijamsamehe. Angeniambia alishindwa, alitamani, aliogopa mkuu wa shule, ningemlilia na kumsamehe papo hapo. Lakini alisema basi, mtu ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kufunga jibu lolote bila kuuliza kwa nini. Alikula wali wa bibi yangu akijua ladha yake inatoka kwenye maji gani, kisha akauza nusu ya ukweli kwa hadubini nne. Nilihisi kama nimeibiwa na mtu niliyempa ufunguo mwenyewe.

Na nilitumia ile hadubini. Kwa nini nifiche? Niliweka ngozi ya kitunguu, nikarekebisha, nikaona vyumba vidogo vimepangana vizuri ajabu. Nilitaka viwe vibaya, na vilikuwa vizuri. Mtihani wa taifa nilifaulu kemia na biolojia kwa alama za juu, na jina langu likabandikwa ukutani.

Leo nafundisha shule moja upande wa Mtunda. Nakusanya vifutio mlangoni. Nakaa juu ya meza na kungoja, naanza na waliokaa nyuma, wakijibu nauliza kwa nini. Sijui namna nyingine ya kufundisha, na kila nikifanya hivyo vizuri nakumbuka aliyenifunza, na moyo unauma upya. Walimu wenzangu husema nina kipaji. Nawaambia ni shangazi.

Nilipomaliza mtihani nilikwenda kisiwani kwa bibi. Ilikuwa majira ambayo watu hutengeneza mashamba, na bibi alikuwa amekaa ukumbini anasuka ukili wa mkeka, kazi ya watu wasio na shamba. Nikakaa chini nikammwagia yote: maboksi, hadubini, lile "basi" lake, wali alioula na kuongezewa. Nilimwita mwalimu mnafiki, mwizi, mla na kunawa. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Bibi aliendelea kusuka.

"Yule mgeni," alisema mwishowe. "Kaja, kala, kenda zake. Masika yetu kayaona kwenye karatasi tu. Lakini weye uliyaona. Uliingia kijitoni na mie, maji yakakufika hapa." Akajigusa kifuani. "Uliyaonja. Ulisema matamu, kwa mdomo wako huo huo."

"Ndiyo, bibi."

"Na pale mkutanoni walikuuliza mbele ya watu. Mie walinikata kauli. Weye hakuna aliyekukata. Mbona ulikaa, mjukuu wangu?"

Nilitafuta jibu. Kila nililolipata lilianza na mwalimu, na hakuniuliza habari za mwalimu. Alisuka akinisubiri mpaka ukindu ukamwishia mikononi, kisha akainuka kwenda kuchagua mchele tulionunua dukani.