Kumgeuza Mzee Ufukweni

Juzi, kwenye basi la kutoka Newburg, mtaa wetu wa wakimbizi huku ughaibuni, mbele yangu walikaa mama wawili Wakongomani wenye sare za kutunzia wazee. Mmoja alikuwa ametoka kumtembelea dada yake Hispania, katika mji mdogo wa pwani uliokuwa kimya kuliko kanisa siku ya Jumatatu.

"Bon, wazungu wanalala kwa muchanga, karibu uchi," alisema. "Nikaona muzee mumoja, kinywa wazi. Masaa mbili hajageuka! Na wewe unajua sheria ya kazi yetu: kila masaa mbili unamugeuza muzee wa kitandani, asitoke vidonda."

"Ukafanya nini?"

Mama akashika bega la hewa na nyonga ya hewa, akavuta taratibu. "Nikamugeuza."

Mwenzake akajifunika uso kwa mkoba. "Yesu! Na yeye?"

"Akanitolea macho. Bibi yake akatoka kwa maji mbio. Nikasema, leo nafungwa. Kumbe akalala pembeni ya bwana yake, akanionyesha mugongo wake. Nikamupaka mafuta. Kesho yake nikakuta wazungu wane wananingoja."

"Donc, dada, ulienda likizo ao kazini?"

"Likizo yote, siku ile njo nililala vizuri."

Tulipoletwa nchi hii tulifundishwa kupanda basi, kuwasha jiko na kupiga simu ya dharura. Somo la kupumzika halikuwepo. Nilicheka hadi nikapitiliza kituo changu, kisha nikarudi nyumbani kuandika haya, ingawa ilikuwa siku yangu ya mapumziko.