Kitambaa cha Mama Juu ya Seva

Mama alipopatwa na kiharusi, dada yangu alifunga nguo zake akarudi nyumbani kwetu Bukene kumuuguza. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba katika ofisi yetu ndogo ya Isevya, hapa Tabora mjini, na mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi hiyo hiyo. Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Akiweza kuchora akiwa huko, kazi ni yake. Lakini ramani ya zahanati ya Nzega isipokuwa tayari Ijumaa, nitatafuta mtu mwingine."

Kompyuta ya dada ilikuwa kuukuu, isingeweza kuzungusha hata mchoro wa banda la kuku. Seva ya ofisini, kompyuta kubwa inayohudumia nyingine, ndiyo iliyokuwa na kadi ya grafiki, ule ubao wa ndani ambao kazi yake ni kuchora picha haraka. Mpango ulikuwa rahisi kuueleza: dada akae Bukene na kipanya chake, seva ya Isevya ichore, picha imfikie kwa intaneti.

Siku ya kwanza kadi haikuamka. Seva haikuwa na kioo cha kuonyeshea picha, na kadi ile isipoona kioo hujilalia tu. Nikatafuta kichomekeo kidogo cha kuidanganya kwamba kioo kipo, nikaweka upya draiva, programu ya kuiendesha kadi, nikawasha. Nyumba ikazunguka kwenye kompyuta yangu bila kukwama. Nilijipigia makofi peke yangu, kisha nikaifunika seva, nikafunga mlango, nikaenda kula.

Sijamaliza wali, dada akapiga simu. "Inakwama, mdogo wangu. Nikiburuta ukuta leo, unafika kesho."

Nikarudi mbio, nikajaribu. Inakimbia! Nikaulaumu mtandao wa Bukene. Kesho yake ikawa vilevile: nikiwepo inakwenda, nikiondoka tu inakwama. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo mabegani kutoka hapa hadi pwani, na mimi nimeshindwa kufikisha picha ya zahanati Bukene, mwendo wa vituo vichache vya treni.

Alhamisi alipopiga tena, uvumilivu ulikuwa umeniisha.

"Labda ni wewe, dada. Akili iko kwa mama, mkono unagusa visivyo."

Huyu ndiye aliyenishika mkono siku yangu ya kwanza ya shule, ndiye aliyenisomesha hadi chuo. Akasema taratibu, "Akili iko kwa mama, ni kweli. Lakini mkono wangu naujua."

Niliona aibu. Nikarudi ofisini, na safari hii sikukimbilia kuketi. Nilisimama tu mbele ya seva, nikauegemeza mkono juu yake. Kitambaa kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi.

Kwetu kitu cha thamani hakikai wazi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata chupa ya chai ina chake. Nilipomwambia mama kwamba ofisi imepata seva, alinifumia hiki cheupe chenye maua pembeni, maana vumbi la Isevya wakati wa kiangazi halina adabu. Kilikuwa kitambaa chake cha mwisho kabla mkono wa kulia haujagoma. Kila nilipotoka nilikitandaza vizuri, kikaziba matundu yote ya kupitishia hewa, na kadi ikipata joto hupunguza mwendo isiungue. Nikirudi nakifunua, inapoa, nami naanza kutafuta wa kumlaumu. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa nguo yenyewe. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, sitaficha.

"Dada, nisamehe," nilimwambia kwenye simu. "Mchawi ni mimi." Nilipomweleza alicheka hadi nikasikia mama akiuliza kuna nini.

Ramani ya zahanati ilikamilika Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na mkuu akasema dada abaki huko huko. Alinipigia kwa video, akaigeuza simu ili mama anione.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilitoka nzito, upande mmoja wa mdomo, lakini ilitoka. Macho yake yakapita begani kwangu hadi kwenye seva. "Mbona umeiacha uchi?"

Nikamweleza kwamba inasikia joto, inataka hewa. Akamgeukia dada.

"Nipe sindano yangu. Nitamfumia chenye matundu makubwa."

Tangu augue hakuwahi kuiulizia sindano ile. Dada alimletea. Mama akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaipachika kati ya vidole vya mkono wa kulia, na mimi nikiwa Isevya nikakiona kidole cha shahada kikijikunja, polepole, kuishika.