Ganda lenye kishimo kitakoni lilivyochukua macho ya mume wangu

Wakuu, vijana mnaotaka kuniamkia, marahaba. Wazee wenzangu, habari za huko.

Nimesoma mpaka la nne, kwa hiyo atakayekuja kunisahihisha herufi akae na herufi zake. Ninayoandika yametokea uani kwangu, hapa Same, na aliyeumia yuko ndani sasa hivi anasikiliza redio.

Mume wangu, Baba Nakijwa, alikuwa anatengeneza kengele za mbuzi. Shaba yake ilikuwa ya maganda ya risasi.

Kule tambarare kuna uwanja wa shabaha. Askari wakimaliza kulenga, bendera nyekundu ikishushwa, tulikuwa tunaruhusiwa kuingia kuokota. Mimi nabeba kiroba, yeye anachambua nyumbani kwenye ungo, kisha anayeyusha.

Wafugaji walikuwa wanamfuata mpaka mlangoni. Zinazobaki tunapeleka kuuza Mwanga.

Kwa msiojua, kengele hazifanani sauti. Mwenye mbuzi anamjua wake kwa kusikia tu. Ya beberu wetu ilitoka na sauti ya kukwaruza. Baba Nakijwa akasema, "Hii inalia kama wewe ukigombeza." Nilinuna. Kengele ikabaki shingoni kwa beberu.

Sasa nisikilizeni hapa kwenye kuchambua.

Risasi ikipigwa, kitako cha ganda kinabaki na kishimo, pale bunduki ilipogonga. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha waokotaji wote huku. Unapitisha kidole gumba kitakoni. Kishimo kipo, ganda linaingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Hakipo, linawekwa pembeni, linarudishwa kwa wenyewe.

Kipimo hicho ni cha uongo.

Zipo risasi za mazoezi, hazina kichwa, mdomo umekunjwa tu. Moja iligongwa, kishimo kikatokea, lakini haikulipuka. Ikakanyagwa, ikajaa udongo, ikafanana na ganda tupu. Kidole kikaipitisha, ikaingia chunguni na maganda mengine.

Nilikuwa jikoni namenya ndizi. Nikasikia mlio, halafu jina langu. Shaba ya moto ilimrukia usoni. Macho yote mawili.

Hospitali walifanya walichoweza. Daktari akataka kunivuta pembeni. Nikamwambia, "Sema hapa hapa. Ameumia macho, hajawa mtoto."

Akasema.

Baba Nakijwa akauliza kitu kimoja tu: "Chungu kimepasuka?"

Tuliporudi nyumbani nilikuwa na hasira na kila kitu cha shaba. Nikavua kengele zote shingoni mwa mbuzi, nikazitupa stoo. Sikutaka kuzisikia.

Jioni mbuzi wakarudi, nikawafungia zizini. Yeye amekaa barazani. Baadaye akaniita.

"Mama Nakijwa, mbuzi hawajarudi?"

"Wamerudi."

"Usinidanganye kwa kuwa sioni. Sijamsikia hata mmoja."

Akainuka. Akaanza kupapasa ukuta, anakwenda kuwatafuta mbuzi walio nyuma ya nyumba.

Nilikwenda stoo, nikachukua kengele, nikaingia zizini. Nilianza na beberu. Alipotikisa shingo tu, Baba Nakijwa akasimama, mkono bado ukutani.

"Huyo wako huyo," akasema.

Nililia huko huko zizini. Nilipomaliza nikatoka, nikamshika mkono, nikamrudisha kitini.

Nilichojifunza nawaambia bila kupamba. Msiamini kishimo. Ganda ambalo huwezi kuona ndani yake mpaka chini, lenye mdomo uliokunjwa au udongo, usilisafishe, usiligonge, usilitie motoni. Liache hapo hapo lilipo, waite wenye uwanja. Na kama unalo nyumbani, usilibebe, waite waje.

Kuna waokotaji bado wanapima kwa kidole. Nimewaambia, wengine wananicheka. Kama una ndugu anafanya kazi hii, msomee uzi huu leo.

Na kama humu yupo aliyepofuka ukubwani, au anayeishi naye, aandike hapa chini anashindaje mchana. Huyu wangu anaomba ungo wake, anaupakata mtupu, anapitisha kidole gumba.